Viti Sita Mlangoni pa Kiwanda

Jumatatu, 3 Machi
Nimeagiza viti sita vya kunyolea kutoka ng'ambo. Ni vya saluni ya mke wangu, inayofunguliwa mwisho wa mwezi. Ameshaacha kazi kwa watu. Muuzaji ameleta bei mbili. Ya juu ina herufi CIF: yeye analipia meli na bima hadi bandari yetu. Ya chini ina EXW. Maana yake sikuuliza. Barua zake zina salamu ndefu mno. Mtu safi hasalimii hivyo! Nimesaini EXW. Nimemkomesha.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, kaka yake mke wangu, ni wakala wa forodha. Alikuja kunywa chai, akausoma mkataba wangu (nani alimwomba?). Akauliza kama najua nimenunua nini. Nikamjibu viti. Akasema hapana, nimenunua viti vilivyo mlangoni pa kiwanda. Kutoka mlango ule mpaka huku, kila kitu shauri yangu: lori, vibali, meli, bima, ushuru. Akajitolea kuongea na muuzaji tuhamie CIF. Aha! Hawajawahi kuonana, lakini wote wawili wanaipigia debe CIF. Lao moja.

Ijumaa, 14 Machi
Muuzaji ametuma picha. Viti sita nje ya ghala, chini ya turubai. Anauliza lori langu litafika saa ngapi. Lori langu! Mimi nina baiskeli. Mke wangu akauliza viti vimefika wapi. Nikamwambia viko njiani. Si uongo. Kwenye picha, nyuma ya viti, barabara inaonekana.

Jumamosi, 15 Machi
Nimegundua herufi nyingine: DDP. Muuzaji analeta mzigo mpaka mlangoni kwa mnunuzi, na ushuru juu yake. Kumbe ipo! Walinificha! Nimeifuta EXW kwa wino mweupe, nikaandika DDP, nikamtumia nakala nikimkumbusha wajibu wake.

Jumatatu, 17 Machi
Jibu limekuja. Salamu ndefu kuliko zote. Ameambatanisha nakala yake yenye sahihi yangu. Amesifu mwandiko wangu. Amesema pia kwamba mvua imeanza kunyesha kwao. Picha nyingine. Turubai halipo.

Alhamisi, 20 Machi
Mke wangu ameziona picha kwenye simu yangu. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akauliza taratibu, "Mimi ni mkeo, au na mimi unanikomesha?" Nilitazama soksi zangu. Akampigia kaka yake palepale: "Kaka, nisaidie. Viti vyangu vinanyeshewa."
Kabla ya saa sita shemeji alikuwa ameshapata wakala wa huko huko, atakayeviokota na kuvileta kwenye kontena moja na mizigo ya watu wengine. Nilimshukuru, huku nikimchunguza kama anacheka moyoni. Alikuwa anacheka waziwazi.

Jumanne, 29 Aprili
Saluni imefunguliwa, mwezi mzima baada ya siku yake. Viti vitano vizima, cha sita kina kutu mguuni. Mke wangu alimkalisha kaka yake kiti cha kwanza. Mimi nilipanga foleni kama mteja. Zamu yangu ilipofika, aliniwekea wembe shingoni akauliza kama kuna jambo lolote sijamwambia. Nikasema hakuna.
Sijamwambia kuhusu vioo. Kumi, virefu kama mlango, kwa muuzaji mwingine. Safari hii si EXW, mimi si mjinga! Ni FOB: yeye anavipakia melini, na kutoka hapo ni vyangu. Shemeji angejua, angeniimbia wimbo wa bima. Bima ya nini? Mabaharia wana ugomvi gani na vioo? Ninaowaogopa mimi ni wezi wa bandarini, na hao nimeshawaweza. Nimeagiza kila sanduku liandikwe kwa herufi kubwa: MAGODORO.