Mti Hauna Shingo

Jumatatu, 10 Desemba 2018

Wambeti hajapiga simu. Hili ni juma la pili. Yuko kwao Kibugu, Embu, kwa mamake, pamoja na mtoto wetu Kendi. Mimi niko hapa Muthara na shanga zangu.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mke wangu hakuondoka kwa sababu ya mwanamke mwingine, wala pombe. Aliondoka kwa sababu ya shanga. Natunga shanga. Mikufu, bangili, herini, na Desemba ikifika, mapambo ya Krismasi. Nilianza nilipovunjika mguu, nikakaa nyumbani bila kazi, mikono ikatafuta la kufanya. Mguu ulipona. Shanga zikabaki. Ziko kitandani, ziko kwenye sufuria, ziko ndani ya viatu. Siku ile Wambeti alimtoa Kendi ushanga wa buluu mdomoni, akauweka mezani mbele yangu. Alifunga mizigo tu. Afadhali angenitukana.

Hapa sokoni hawajui. Mwanamume mzima wa Tigania, muuza dawa za mifugo, eti anatunga herini! Nikifunga duka mapema na kujifungia nyumbani, watu hudhani nakunywa. Nimewaacha wadhani hivyo. Jana mchungaji aliniombea nikombolewe kutoka kwa chupa. Niliitikia amina kwa sauti kubwa. Naona haya hata kuiandika.

Jumatano, 12 Desemba. Jamhuri

Nchi inasherehekea, duka limefungwa, mimi nimepata wazo. Wambeti hatarudi mpaka mamake aseme. Basi nitamtungia mama mkwe mkufu wa Krismasi, mwekundu na dhahabu. Ataupenda, atalainika, atawaambia watu wangu warudi nyumbani. Wazo safi kabisa.

Tatizo ni shingo. Sijui ukubwa wa shingo yake. Tangu nioe sijawahi kumtazama mama mkwe kwenye kidevu, juu yake wala chini yake. Ni nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hawatazamani, hawaulizani mambo ya mwili. Tukisalimiana mimi huangalia zizi la ng'ombe, yeye huangalia majani chai. Zizi lile nalijua vizuri sana. Shingo, hapana.

Ningemuuliza Njoka. Huyu amemwoa dada mkubwa wa Wambeti, anakaa karibu na kwao, ana pikapu, na kila Krismasi lazima anipiku. Mwaka jana nilipeleka blanketi. Yeye akapeleka tangi la maji. Nikimwambia habari ya mkufu atakwenda kununua wa dukani, tena na herini zake. Simuulizi.

Jumapili, 16 Desemba

Nimeaibika kanisani. Sijui nitarudi pale na uso gani.

Mama Ntinyari, mwenyekiti wa akina mama, ana umbo kama la mama mkwe, ikiwa nimekikumbuka vizuri kivuli cha mama mkwe. Niliketi nyuma yake. Wakati wa maombi, wote wamefumba macho, nilitoa uzi nikauzungusha hewani karibu na shingo yake. Kukadiria tu. Uzi ukamgusa. Akadhani ni mdudu, akajipiga kofi shingoni, akageuka. Akanikuta nimekaza uzi kwa mikono miwili, usawa wa koo lake.

Hakupiga kelele. Alimnong'oneza jirani, naye jirani akamnong'oneza jirani yake. Tulipotoka mchungaji alinivuta kando, akaniuliza kwa upole kama leo nimekunywa. Nikasema ndiyo, kidogo. Nimedanganya mlangoni mwa kanisa, tena nikajisingizia. Na shingo bado sijaipata.

Jumatatu, 17 Desemba

Nimeamka na jibu. Niachane na shingo. Mti hauna shingo!

Nitatunga pambo la mti wa Krismasi. Uzi mmoja mrefu wa shanga nyekundu na dhahabu, uzungushwe mtini, na njuga ndogondogo zikining'inia, ziwe zinalia watoto wakiugusa. Hakuna kumpima mtu. Hakuna nthoni. Kwa urefu nimetumia gunia la pumba lililosimama hapa dukani, kwa sababu gunia na mti mdogo ni unene mmoja. Uzi umelizunguka vizuri, ukabaki kidogo wa kufungia fundo.

Muthamia alipita mchana. Ni rafiki yangu, fundi wa pikipiki, na ukimwondoa Wambeti, ndiye peke yake anayejua siri yangu. Alisifu kazi. Halafu akauliza kama kule kwa mama mkwe huwa wanaweka mti nyumbani. Nikamwambia asinitie nuksi. Ni nani asiyeweka mti?

Ijumaa, 21 Desemba

Nimetuma. Karatasi ya kung'aa, utepe, kila kitu. Nikaupeleka mzigo steji ya matatu, nikamwagiza dereva aseme maneno haya tu: zawadi ya mama mkwe kutoka kwa Kiogora. Maelezo sikuweka. Zawadi nzuri ya kuelezwa ya nini?

Nasikia aliyekwenda kuuchukua mjini Embu ni Njoka. Ana pikapu, bila shaka ni yeye. Sawa. Mwaka huu amekuwa tarishi wangu. Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza tangu Wambeti aende.

Jumamosi, 22 Desemba

Simu ya Wambeti. Kuona jina lake tu, moyo ukaruka. Nikaitikia kwa sauti tamu. Akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Habari yenyewe ni hii. Mzigo ulifika wakati akina mama wa chama wamejaa kwa mama mkwe wanapanga mapishi ya Krismasi. Njoka akauinua juu kama mtu wa mnada, akatangaza: zawadi ya mama kutoka kwa Kiogora wa Meru. Mama akafungua. Uzi mrefu wa shanga nyekundu. Wenye njuga. Sasa, nyumba ile haina mti wa Krismasi na haijawahi kuwa nao. Mti huwekwa kanisani. Akina mama wakautazama ule uzi, wakaona si wa shingo, ni mrefu mno. Wakaupitisha mkono hadi mkono. Kisha mmoja wao, mama asiye na haya, akauchukua akajifunga kiunoni juu ya leso, akajitikisa mara moja. Njuga zikalia.

Ulimtosha kabisa. Kumbe gunia la pumba na mama wa Kibugu ni unene mmoja.

Nimemtumia mama mkwe wangu shanga za kiunoni. Mimi, nisiyethubutu kumtazama kidevu! Nimeketi sakafuni nyuma ya magunia, mteja akiita nasema tumefunga. Uso unawaka. Wambeti anasema mamake ameingia jikoni na hataki kuonwa na mtu. Akaniuliza, Baba Kendi, ulimaanisha nini? Hapo ningesema ni za mti, mambo yangeisha. Lakini nilihisi "mti" utasikika kama uongo. Nikasema ni za ng'ombe.

Sijui kwa nini ng'ombe. Nadhani ni kulitazama lile zizi miaka yote.

Jumapili, 23 Desemba

Kanisani sikwenda. Amenipigia mzee Njura, baba mdogo wa Wambeti. Baba mkwe alishafariki, kwa hiyo Njura ndiye msemaji wa ule mji. Alisema amesikia kwamba shanga ni za ng'ombe. Akasema kwao Embu ng'ombe havishwi, lakini labda sisi Wameru tuna mambo yetu. Basi nije Krismasi na shahidi, nimfunge ng'ombe shanga mimi mwenyewe, mbele ya wote waliouona ule uzi, ili maneno yaishe. Ikiwa ni kweli, yamekwisha. Ikiwa si kweli, habari ya Wambeti itabidi tuizungumze kwa njia nyingine.

Njia nyingine. Maneno hayo hayatoki kichwani. Kikombe cha Kendi kiko mezani na sijathubutu kukiondoa.

Muthamia amekubali kuwa shahidi. Anasema nikaseme ukweli tu, mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi nimeshazaa, na ndiyo maana naogopa.

Jumanne, 25 Desemba. Krismasi

Tulifika na kondoo, sukari na unga. Wote walikuwapo. Akina mama wa chama na nguo mpya. Njoka ameegemea pikapu na miwani ya jua. Mama mkwe amekaa kwenye kiti, ametugeuzia mgongo. Wambeti mlangoni mwa jikoni, amembeba Kendi. Kendi akaniona, akaninyooshea mikono yote miwili. Sikuweza kwenda. Nilikuja kumvisha ng'ombe.

Mzee Njura alinikabidhi uzi akiushika kwa ncha za vidole. Nikaingia zizini. Shingo ya ng'ombe uliitosha, namshukuru Mungu kwa hilo. Nikafunga fundo, nikageukia watu, nikasema, kwa sauti ya mtu anayefanya hivi kila mwaka, kwamba huko kwetu ndiyo desturi. Muthamia alitazama viatu vyake.

Ng'ombe akatikisa kichwa. Njuga zikalia. Hajawahi kusikia njuga maisha yake yote. Akaruka, zikalia zaidi. Kadiri alivyozikimbia ndivyo zilivyomfuata. Alivunja mlango wa zizi, akapita kati ya viti, akaangusha meza na sufuria kubwa ya chai ya Krismasi, akatokomea kwenye majani chai. Uzi ulikatikia kwenye ua. Shanga zikatapakaa hadi mlangoni mwa jikoni, na Wambeti akamnyanyua Kendi juu, juu kabisa, mbali na ardhi. Nilimwona akifanya hivyo. Kuku walikuwa tayari wanadonoa.

Njoka ndiye aliyecheka kwanza. Halafu Muthamia, bila kuniuliza, akafungua mdomo. Akasema ni pambo la mti, na kwamba Kiogora hulitunga kwa mikono yake, ndiyo kazi anayojifungia nyumbani kuifanya. Wote wakanigeukia. Hata Njoka alivua miwani.

Ukivuliwa nguo, chutama. Nikakaa chini pale pale, kwenye chai iliyomwagika. Nikasema ni kweli. Natunga shanga. Nilitaka mama anipende kidogo, nirudishiwe watu wangu. Nilisema nikitazama zizi, na lilikuwa tupu.

Mama mkwe alijibu kupitia kwa Njura, ingawa nilisikia kila neno. Alisema kwa muda mrefu ameambiwa mkwe wake ni mlevi, Wambeti kwa kuona haya hakukanusha, na amekuwa akijiuliza atamrudishaje binti yake kwa mlevi. Sasa anaambiwa si pombe, ni shanga. Hajui lipi ni baya zaidi. Apewe muda afikiri.

Wote walicheka. Mimi nilicheka mwisho, peke yangu, wakati wenzangu wamenyamaza. Chai tulikunywa ya rangi, maana yule ng'ombe alikataa kabisa kukamuliwa.

Jumatano, 26 Desemba

Hukumu imetoka. Wambeti na Kendi watarudi. Sharti ni moja: shanga zote nizipeleke Kibugu, hata zile za ndani ya viatu, zikae kwa mama mkwe. Nimekubali kabla Njura hajamaliza sentensi.

Jumatano, 2 Januari 2019

Nimepeleka. Mkebe umejaa mpaka mdomoni. Nilimpa Njura, Njura akampa mama, mama akautia chini ya kitanda chake. Nililia. Si kwa ajili ya shanga. Labda kidogo kwa ajili ya shanga.

Muthara yote imejua sasa. Mama Ntinyari amenisamehe lakini haketi tena mbele yangu. Mchungaji anasema hajui aniombee chini ya kichwa gani.

Jumamosi, 5 Januari 2019

Wamerudi. Kendi anatambaa nyumba nzima na sakafu ni safi, hata punje moja hakuna. Nimemtazama mpaka nikaona aibu ya kila siku niliyokaa bila yeye. Begi la Wambeti bado liko karibu na mlango. Hajalifungua. Anasema hana haraka. Nimeapa mbele yake kwamba mimi na shanga basi, na safari hii ni kweli. Sitaki hata kuziona.

Nimenunua sindano ya kroshia. Uzi tu. Uzi haumdhuru mtoto, na vitambaa vya viti viko kila nyumba, si jambo la kuonea haya. Kitu cha kwanza nitamfumia mama mkwe, kumshukuru. Mto mzuri wa kukalia, wa kiti chake cha chama, utakaomkaa sawasawa. Sawasawa ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nahitaji kujua upana wa pale anapokalia. Kiti sikijali. Wa kupimwa ni yeye.

Wambeti sijamwambia, nataka liwe jambo la kumfurahisha. Nimempigia Njoka. Alikohoa, kisha akasema hakuna shida hata kidogo. Jumatatu chama kikikutana, atawapa akina mama futi wampime mama pale mbele ya wote, na atawaeleza vizuri kwamba ni mimi niliyetuma.

Kumbe huyu Njoka nilikuwa namhukumu vibaya.