Mafuta ya Shangazi Sikudhani

Jumatatu, 22 Desemba
Mvua! Newala nzima imetoka mbio kukinga maji. Nami nikapanga chini ya mchirizi kila chombo nilichokiona. Ilipokatika nikagundua kimojawapo ni ndoo ya mafuta ya ufuta ya Shangazi Sikudhani. Alinikabidhi hadi Jumamosi, mjukuu wake Hamudi atakapotoka jandoni apakwe. Nyumba ninayokaa ni yake. Nimekoroga kwa nguvu ili maji yasionekane. Sasa yanafanana na uji.

Jumanne, 23 Desemba
Mke wangu Salome anasema niyaache yatulie, mafuta yatapanda yenyewe. Yatulie, na mimi je? Nimesoma kwenye simu kwamba viwandani hutenganisha mafuta na maji kwa maikrowevu. Awadhi wa mgahawani anayo, ya kupashia pilau. Nimemwambia nimeagizwa na daktari uji wa moto. Ameniangalia sana. Amekubali.

Jumatano, 24 Desemba
Kikombe cha kwanza: maji chini, mafuta juu! Nusura nilie. Nikajaza bakuli kubwa, nikakaza kifuniko Awadhi asione. Likapasuka. Mlango wa mashine ukaruka, mafuta mpaka darini. Nilijificha nyuma ya friji. Awadhi akauliza uji gani unanukia ufuta. Nikasema wa lishe. Amesema nisipomletea mashine nyingine atakwenda kwa Shangazi. Naogopa hata kula.

Alhamisi, 25 Desemba
Nimesikia kikohozi cha Shangazi uani, nikaingia chini ya kitanda. Huko nikakutana na sufuria. Mafuta safi, maji yamebaki chini. Salome alichota nusu ya ndoo tangu juzi, akaiacha itulie. Hakuniambia. Nilipomuuliza, alisema ningeikoroga.

Jumamosi, 27 Desemba
Hamudi amepakwa, anang'aa. Shangazi akauliza nani aliyesafisha mafuta yakawa hivi. Salome alikuwa anafungua mdomo. Nikamuwahi: ni mimi, kwa maikrowevu. Shangazi akanishika kichwa, akanibariki. Kisha ameleta ndoo nne za kikundi chake cha akina mama, mafuta yenye ukungu, hazina hata vifuniko. Ameziacha barazani nizisafishe. Zikiharibika, nihame.

Ila kosa nimelijua: mashine ya Awadhi ni ndogo. Kesho nakwenda Masasi kuazima kubwa.

Mvua imeanza. Salome bado yuko ngomani, kwa hiyo nimehangaika peke yangu. Nimewahi kupanga chini ya mchirizi kila chombo kilichokuwa barazani.