Mafuta ya Bahari ya Kati

Hebu niambie, wewe unayesikiliza: kati ya mwizi anayevunja mlango na mwizi anayefunguliwa mlango, akavutiwa kiti na kumiminiwa chai, ni yupi anayeijua kazi yake?

Chiriku alikuwa wa aina hiyo ya pili. Jina alipewa na watu, kwa sababu ya mdomo. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imejaa povu, na redio juu ya rafu inasema. Ilisema kwamba watu wa kandokando ya Bahari ya Kati, ile Mediterania, mioyo yao ni mizima hata uzeeni. Wanakula mboga za majani, maharage, samaki, matunda, njugu na mkate wa ngano isiyokobolewa. Nyama nyekundu mara mojamoja. Mafuta yao ni ya zeituni. Na hula pamoja na watu wao, bila haraka.

Kwenye kiti cha pili tajiri wa mbao alishusha pumzi, na kiti nacho kikashusha yake.

"Daktari wa hospitali kanikataza mbavu za kuchoma," alimwambia kinyozi. "Presha, anasema. Moyo, anasema. Namheshimu sana, lakini mimi na mbavu tumejuana zamani. Ingekuwepo dawa ya kunywa tu, ningeinunua hata kwa shetani."

Shetani hakuwepo. Chiriku alikuwepo.

Alikaanga majani ya mchicha ndani ya mafuta ya kawaida ya kupikia mpaka mafuta yakageuka kijani, akayachuja kwa leso, akayatia kwenye chupa ndogo zenye utepe. Koti jeupe aliazima kwa mchoma nyama. Doa la damu akalifunika kwa kalamu mfukoni. Kisha akaenda kubisha hodi kwa tajiri, ambaye hakumtambua bila povu.

"Bahari ya Kati?" tajiri aliuliza. "Kati ya nini na nini?"

"Kati ya kufa na kupona, mzee wangu."

Tajiri alimvutia kiti, akaagiza chai.

"Kijiko kimoja kila mlo," Chiriku aliendelea. "Lakini dawa hii ina wivu. Haitaki kukutana na mbavu tumboni. Inataka maharage, mboga, samaki, matunda. Inataka uende kazini kwa miguu. Na inataka ule nyumbani, umekaa, na mkeo, polepole."

Usidhani masharti hayo yalitokana na huruma. Ndiyo yaliyokuwa mlango wa nyuma wa Chiriku. Mteja akirudi kulalamika, anaulizwa: mboga ulikula? Ulitembea? Hukutembea? Basi usiyasingizie mafuta. Na ni nani duniani aliyewahi kutimiza masharti yote ya daktari?

Mke wa tajiri, Mama Pacha, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Mabinti zake pacha walikwisha kuolewa, na tangu hapo alikuwa akila peke yake akitazamana na ukuta, kwa kuwa mume hurudi jioni ameshashiba kwa mchoma nyama. Alichoogopa ni kimoja tu: siku ambayo ukuta ungebaki kuwa ndio jamaa yake wa pekee. Alichukua chupa, akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Daktari, rudia hapo pa kula nyumbani."

"Nyumbani, mama. Pamoja."

"Na mbavu?"

"Zinaua dawa."

"Baba Pacha, nunua. Nunua zote."

Mume alishangaa, maana huyu ni mwanamke anayebishana bei na muuza nyanya mpaka nyanya zinaiva.

Sasa, tajiri alikuwa bahili, na bahili akishalipia kitu hakubali kipotee bure. Akala maharage. Akatembea mpaka visigino vya viatu vikalika upande. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya. Ngazi za ofisini, alizozoea kuzipanda kwa vituo, akawa anazipanda akipiga mluzi. Daktari wa hospitali alipima presha, akaitazama mashine kwa mashaka, akapima tena.

Chiriku aliposikia anatafutwa mtaa kwa mtaa, alihama kinyozi. Lakini tajiri alimnasa kwenye kona, akamkumbatia kama shemeji aliyetoka safari ya mbali, akamwambia alete kreti nzima. Chiriku alilala siku ile akitabasamu.

Kreti ilipokewa jikoni, na Mama Pacha peke yake.

"Weka hapo. Kaa. Mwanangu, mchicha hukaangwa na kitunguu. Wewe kitunguu ulikisahau."

Chiriku alifungua mdomo.

"Funga. Nilijua tangu tone la kwanza. Na hilo koti linanuka moshi wa yule yule aliyeniibia mume."

"Sasa mama, kwa nini ulinunua?"

"Miaka yote nimemwambia maneno hayo hayo, akaniona redio ya jirani. Wewe mwongo umeyasema mara moja, umevaa koti, akasikia. Mimi sikununua mafuta. Nilinunua ulimi, na bado sijamaliza kuutumia. Kreti utaiacha bure, nikaangie samaki. Kila mwezi utakuja na chupa ya zeituni ya kweli, kwa pesa zako, umtishe asije akaacha. Na koti ulifue."

"Na nikikataa?"

"Wapasua mbao wa mume wangu ni vijana wapole. Ila wakipewa gogo, hawaulizi limetoka wapi."

Basi mchana ule Chiriku alikaa mezani nao. Alikula maharage kwa huzuni, kisha kwa bidii.

"Daktari," tajiri alisema, "rafiki zangu wananiuliza habari za hii Bahari ya Kati, nami huwa nasahau. Ni kati ya nini na nini vile?"

Chiriku alijaza mdomo maharage, akamtazama mama mwenye nyumba. Mama Pacha alilivuta bakuli la mboga lililokuwa mbele ya mgeni, akalisogeza hadi katikati ya meza.

"Kati yangu na wewe, Baba Pacha," alisema. "Nilichokuwa nakitaka siku zote ni hicho tu. Ule hapa, nikuone."