Kobe Wangu na Rafu ya Mama Mkwe

Jumamosi, 24 Agosti

Rafu tena! Nimekula supu ya mahindi kwa mama mkwe, Mama Elva, macho yangu yote kwenye rafu ile. Kila mtu wa ukoo ana sanamu yake ya udongo pale juu. Hata mjukuu wa chekechea ana bata bukini asiye na shingo. Mimi, mume halali wa Doreen, binti yake mkubwa, sina hata kijiko! Nikauliza kwa upole kama kuna nafasi. Mama Elva akajibu nafasi ipo, kazi ndiyo haipo. Aliyecheka kuliko wote ni Wilmer, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada mdogo wa Doreen. Ana tepe nyekundu za ushindi wa maonyesho ya vuli kama ng'ombe wa mashindano. Akaniambia nisiegemee rafu, mguu wake mmoja mfupi, inayumba. Nimeapa. Mwaka huu utepe wangu, na rafu yangu.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimechungulia kwenye banda la ufinyanzi la Mama Elva. Wilmer anafinyanga Mwanamke wa Mbinguni, yule wa hadithi ya kuumbwa kwa dunia, akianguka kutoka juu, na bata bukini watatu chini yake, mabawa wazi, wakimdaka. Kila unyoya umechorwa peke yake. Nimekosa usingizi wa mchana.

Lakini bata ni bata tu. Aliyeibeba dunia mgongoni nani? Kobe! Nitamfinyanga mkubwa kama beseni la kufulia, na udongo utajaa mpaka ndani. Wengine wanafinyanga vitu vitupu tumboni. Debe tupu kazi yake kuvuma, si kubeba dunia! Doreen kasema kitu kizito hivyo kisipotobolewa tumbo kitapasukia tanurini. Nikamwambia aache wivu.

Alhamisi, 29 Agosti

Udongo wa dukani ni wa waoga. Hapo mwanzo panya wa mtoni aliuzamia chini kabisa ya maji, ndipo ukawekwa mgongoni kwa Kobe. Nami nikaingia Mto Grand. Nikazama hadi kifuani. Kiatu kimoja kimebaki huko. Wilmer akapita na gari, akasimama, akaniuliza kama dunia imeshaumbwa au arudi kesho. Nilikuwa na tope mdomoni.

Jumatano, 4 Septemba

Kobe amekamilika! Uso wake mkali kidogo. Doreen anasema nimemfinyanga mama yake. Tatizo, bado mbichi, na kesho Mama Elva anawasha tanuri. Yeye hugusisha kila kitu shavuni. Kikiwa cha baridi kina maji, hakiingii. Mwenye akili hakosi njia. Kikausha nywele cha Doreen!

Alhamisi, 5 Septemba

Ushindi! Nimempasha Kobe moto ndani ya gari. Mama Elva akaweka shavu, akasema ana joto kama mkate uliotoka kikaangoni. Akataka kumwinua. Haraka nikamwambia, mama, mgongo wako, niachie mimi. Akauliza kama nimemtoboa tumbo. Nikasema yuko mtupu kama ngoma. Nimemweka chini ya Mwanamke wa Wilmer, mahali pake Kobe kwa haki.

Ijumaa, 6 Septemba

Tumefungua tanuri. Kobe hayupo. Yupo kila mahali! Bata wa Wilmer wamekuwa changarawe. Mwanamke mwenyewe mzima, yuko juu ya nguzo ya udongo inayomshikilia, mikono wazi, na chini hakuna kitu. Wilmer hakunitukana. Alikaa juu ya ndoo, akampakata yule mwanamke. Niliona haya, kweli niliona. Nikala mikate minne ya kukaanga kwa haya. Mama Elva akaniuliza ile ilikuwa ngoma ya wapi. Nikasema labda hali ya hewa.

Jumamosi, 7 Septemba

Wilmer kampeleka Mwanamke wake kwenye maonyesho vilevile, bila bata. Jaji mmoja, bibi wa makamo, akatoa machozi. Akasema wote humfinyanga akiwa ameshadakwa, huyu bado anaanguka, hajui kama kuna wa kumpokea. Utepe mwekundu! Kwa kazi yangu! Nikamkumbusha Wilmer kwamba nusu ya utepe ni ya aliyewaondoa bata. Akanipa pini ya kuufungia.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeitwa kwa Mama Elva. Nilikwenda nimejiandaa kufukuzwa. Akaniambia nitazame rafu. Mwanamke wa Wilmer katikati, bata wa mjukuu pembeni, changu hakuna. Akanionyesha chini kwa kidole cha mguu. Kipande cha gamba la Kobe, kimewekwa chini ya ule mguu mfupi! Akaitikisa rafu. Haikuyumba. Akasema, haya mkwe, udongo wako umepata kazi. Wote mezani wakacheka mpaka Wilmer akapaliwa na supu.

Wacheke! Hawaoni? Ukoo mzima uko juu, na aliyeubeba mgongoni ni nani? Kobe wangu! Nimetoa chozi, sikatai. Njiani nikamwambia Doreen mwakani nafinyanga mwingine, mara mbili ya huyu, mzito, bila tundu. Kufika nyumbani akafungia kikausha nywele kabatini.

Haidhuru. Jirani ana kikubwa zaidi.