Kuhusu Binti wa Washonaji Anayetuamkia Huku Akitufunga

Ndugu Katibu wa Ligi ya Mtaa,

Pole na majukumu. Mimi ni nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya mafundi seremala, watu wazima tisa wenye ndevu na familia. Namlalamikia binti wa miaka kumi na saba wa timu ya washonaji. Tangu aanze kutufunga hatujiamini tena, na usipotusaidia timu itavunjika.

1. Ana adabu mno. Kila anapotaka kumpita mtu humpa kwanza shikamoo. Mtu mzima hawezi kuamkiwa akanyamaza, na tukimaliza kuitikia marahaba, mpira umeshaingia. Mzee wetu wa kupiga randa aliitikia mara kumi na nne katika kipindi kimoja. Mara mbili alimuuliza na hali ya mama yake.

2. Tuliinua ringi zote mbili za uwanja wetu kwa shubiri moja ili ashindwe. Naungama kosa hilo. Yeye hakuona tofauti yoyote. Sisi hatujafunga hata mara moja nyumbani kwa wiki tano, na ringi hazishuki, kwa sababu tulizikaza kifundi kwelikweli.

3. Ugonjwa umeingia karakanani. Fundi wetu wa milango, aliyekuwa akikata mbao kwa kukadiria na macho tu, sasa anapima mara nne na bado anauliza wenzake. Juzi alitoa meza yenye miguu mitano. Alisema mmoja ni wa akiba.

4. Mke wangu ameanza kuniambia nisijali. Miaka kumi na minane ya ndoa hajawahi kunionea huruma. Inaniuma, Ndugu Katibu.

Kwa hiyo naomba binti huyu aamriwe kukosa angalau mpira mmoja kati ya mitatu, na shikamoo zote azitoe kwa jumla kabla ya filimbi. Ikishindikana, ahesabiwe kuwa wachezaji watano na wenzake wakae benchi, ingawa hilo la mwisho wenzangu wanalihofia.

Wasalimie wajumbe wote, mwamuzi, na watoto hapo nyumbani.

Wako mtiifu,
Nahodha, Timu ya Maseremala

Nyongeza: Tumesikia sasa hivi kwamba binti ameteguka kifundo cha mguu na Jumamosi hachezi. Tafadhali ahirisha mechi mpaka apone. Kuwafunga washonaji bila yeye hatutaki, wala hatuna hakika kama tungeweza. Magongo ya kutembelea tumeshaanza kumchongea. Tuulizie tu urefu wake, maana kati yetu sote tisa hakuna aliyewahi kumkaribia akaweza kuukadiria.