Bata Thelathini Wapole

Alhamisi, 5 Desemba
Mkopo wa mke wangu Johura umetoka! Fedha taslimu, taka elfu kumi na tano. Wanakopeshwa wanawake tu, eti wanaume hatuaminiki. Matusi hayo. Alitaka cherehani. Nikamwambia cherehani haitagi mayai. Nimembembeleza mpaka kachoka, kakubali bata. Sharti moja: rejesho la kila Jumanne lisikosekane. Likikosekana, wenzake wanne wa kikundi watamlipia, na mkopo mwingine asahau.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimetoka gulioni na bata thelathini, bei ya kutupa! Wapole ajabu. Hawapigi kelele, wanakwaruza koo tu. Vimanyoya vya mkiani vimejikunja, madaha matupu. Motaleb muuza chai kawaona, kacheka hadi kamwaga chai. Wivu.

Jumapili, 8 Desemba
Mayai: sifuri. Nimewapa pumba, konokono, hata wali wangu. Sifuri. Mvumilivu hula mbivu.

Jumatatu, 9 Desemba
Aibu! Motaleb kaja na kundi la watu, kamnyanyua bata mmoja.
"Kuddus ndugu yangu, mkia ukijikunja hivi ni dume. Hawa mabwana harusi thelathini watataga lini?"
Johura hakunigombeza. Kakaa kizingitini, kalia. Afadhali angenitukana. Moyo umeniuma, kweli. Kisha kajifuta uso, kaniagiza kisu, kawaita wenzake wanne.

Jumanne, 10 Desemba
Ukungu tangu alfajiri, kijiji kizima kinatetemeka. Barabarani, Johura na wenzake wameuza bata kumi na wawili wa mchuzi wa pilipili, na mikate ya mchele ya moto. Kufika adhuhuri, sufuria tupu! Motaleb kala sahani tatu, nimehesabu. Rejesho limelipwa mbele ya kikundi, na akiba ya cherehani imeanza.
"Baba Moyna," Johura kaniambia, "leo umenifaa bila kujua." Nimefurahi mpaka machozi.

Ijumaa, 13 Desemba
Nimetafakari. Nani aliyeleta madume? Mimi! Basi biashara ni kipaji changu. Leo gulioni nimemkuta muuzaji yuleyule wa bata, mtu muungwana. Ana mbuzi wa maziwa. Ndevu ndefu, pembe nene, sauti nzito, harufu kali ya afya. Nimemwachia shali yangu kama arubuni. Baridi inaniua, lakini kesho Johura atakunywa maziwa!