Madarasa Mawili ya Kwemtindi

Jumatatu, 4 Agosti 1975

Barua kutoka Lushoto! Afisa Elimu wa Wilaya anakuja Ijumaa. Serikali itatoa mabati, saruji na fundi kwa madarasa mawili mapya. Shule moja tu itapata: yetu ya Kwemtindi, au ile ya Mwalimu Anselm ng'ambo ya bonde. Darasa la Kwanza nina watoto themanini na wanne, wanasomea chini ya mkaratusi. Mvua ikinyesha wanakimbilia jikoni kwa mke wangu. Lazima tupate! Anselm si mtu mbaya, ila ana baiskeli na anapenda tuione.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wazo. Zuri mno, hata chai imenishinda. Serikali humwonea huruma mnyonge. Basi tuwe wanyonge!

Tatizo ni matofali. Tangu Juni mwalimu mwenzangu, Secilia, na wazazi wamefyatua na kuchoma matofali elfu sita. Yamepangwa nyuma ya shule, mekundu, ya kutia fahari. Afisa akiyaona atasema hawa wanajiweza, atatuaga. Nimemwambia Secilia tuyafiche. Akaniuliza kama nina homa. Nikamjibu kwamba kiongozi lazima aone mbali. Akasema basi ninunue miwani.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumefunika matofali kwa majani ya migomba. Nikisema "tumefunika", ni mimi na Mzee Hamisi, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekubali kwa sharti kwamba nisimweleze sababu. Mgongo hoi. Lakini hayaonekani hata moja! Ungedhani ni lundo la mboji.

Tena nimeongeza jambo. Nimeazima mbuzi saba wa Bi Fatuma, jirani yetu, waingizwe Darasa la Pili, Afisa aone watoto wanavyobanana na mifugo. Bi Fatuma alicheka hadi akakaa chini. Akataka kujua mbuzi wake watafundishwa somo gani. Siasa, nikamwambia. Mlango wa darasa nao nimeung'oa, tuzidi kutia huruma.

Nasikia Anselm anapaka chokaa mawe ya njiani kwake. Chokaa! Maskini, hajui lolote.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku gani hii! Landrova ilifika saa nne. Watoto wakaimba. Nilimwonyesha Afisa mkaratusi, nikamwonyesha paa linalovuja, nikamwonyesha mbuzi. Hata machozi yalinitoka, ya kweli kabisa, maana beberu alinikanyaga kidole.

Afisa akauliza swali moja tu: "Mwalimu Mussa, wananchi wenyewe wamefanya nini?"

Nikasema kwa unyonge wote: "Hawana kitu, Ndugu. Hata tofali moja."

Akafunga daftari. Akasema Mwalimu Anselm amemwonyesha matofali elfu mbili, na Serikali inamsaidia aliyekwisha kuanza. Kujitegemea! Somo ninalolifundisha mwenyewe kila Jumatano! Sikuwaza mabati tena. Niliwaona wale themanini na wanne wamejikunyata jikoni, moshi machoni, masika yote.

Niligeuka nimwonyeshe tena mbuzi. Hawapo! Darasa halina mlango, nani angewazuia? Walikuwa nyuma ya shule, wanatafuna majani ya migomba kwa bidii ambayo sijaiona kwa mwanafunzi yeyote. Matofali yote nje, mekundu kama siku yalipotoka tanuruni.

Afisa akalisogelea lundo. Akagonga tofali kwa kidole, akasikiliza mlio. Akauliza kazi hii ya nani. Nikafungua kinywa, Secilia akaniwahi: ya wazazi, na aliyesimamia tanuru ni Bi Fatuma. Na mbona yamefichwa? akauliza tena. Mzee Hamisi akaangalia mawingu.

"Mwalimu wetu ana haya, mwanangu," akasema Bi Fatuma. "Hapendi kujisifu."

Afisa alinitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akafungua daftari.

Jumatatu, 18 Agosti

TUMEPATA! Madarasa mawili! Nilisoma barua juu ya kiti, kiti kikavunjika, nikaendelea kusoma sakafuni. Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ambo wakasikia. Anselm akaja kunipongeza. Shule yake imeahidiwa zamu ya mwakani. Barua inasema ujenzi utasimamiwa na Secilia na Bi Fatuma, na maneno hayo yamepigiwa mstari. Bila shaka Afisa anataka nibaki na nafasi ya mambo makubwa.

Jumatano, 20 Agosti

Na mambo makubwa yamekuja! Bwana Afya anapita wiki ijayo kutafuta kijiji cha kujengewa zahanati. Kwa kuwa njia yangu ya huruma imekwisha kuleta madarasa, sioni sababu ya kuibadili. Shida ni kwamba watu wa huku wana afya ya kuudhi. Mzee mmoja wa miaka themanini nimekutana naye leo anapanda mlima na gunia la viazi kichwani. Nimemsihi siku hiyo alale kitandani na agune. Amenifukuza.

Mke wangu amekubali kukohoa. Nimemsikiliza jioni hii. Bado hanitii huruma, lakini tuna siku sita za mazoezi.